Sekunde Ishirini na Mbili

Kiraka hakuwa mtu wa kusifiwa, kwa hiyo sifa zilipomjia hakujua aziweke wapi. Jina lenyewe lilitokana na suruali zake za utotoni, na hata alipokuwa mtu mzima mwenye mke na watoto mapacha, mwenye chumba chake cha kutengeneza kompyuta na mashine za kuchapa juu ya duka la vifaa vya shule, hakuna aliyemwita vinginevyo. Watu walimletea mashine iliyokufa, akaifufua, wakamshukuru kwa shingo upande huku wakilalamika kwamba amechelewa. Basi Jumapili ile aliposoma gazetini kwamba kazi yake imefanywa "kwa mkono safi", alikikata kipande hicho kwa mkasi wa mkewe, akakitia kwenye pochi, na mchana kutwa akawa anaigusagusa pochi mfukoni kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Miaka kumi na miwili nyuma dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, aliandika hadithi ya mchezo ulioitwa "Mwezekaji". Ulikuwa mchezo wa ile mashine inayounganishwa na televisheni. Ndani yake mchezaji alivaa nafsi ya binti fundi wa kuezeka mapaa, akatembea mji kwa mji na ngazi begani, akapambana na upepo na wezi wa mabati, akasikiliza shida za kila nyumba aliyoipanda, mpaka mwishowe anafika kwao na kumkuta mama yake kitandani. Mchezo ulitoka, watu wachache wakaucheza, mashine yenyewe ikaacha kutengenezwa, na hadithi ikabaki humo humo, haisomeki tena na mtu. Dada akarudi kwenye chaki zake.

Kisha mwenye kampuni iliyoutoa mchezo huo, ambaye wote walimwita Bosi ingawa ofisini kwake hawakuzidi watu wanne, akaamua mchezo uhamishiwe kwenye kompyuta. Akamtafuta Kiraka.

"Nitakwambia ukweli, fundi," alisema. "Wachezaji wa kompyuta ni wengi, na wahakiki wao wana midomo. Wakiusifu uandishi, hadithi ya pili ataandika dada yako. Wakiuponda, natafuta mtu mwingine. Siwezi kubahatisha mara mbili."

Dada alipoambiwa sharti hilo hakusema mengi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye chaki kwenye vidole hata siku za likizo. Kumbe hadithi ya pili ilikuwapo tayari. Ilikuwa kwenye madaftari manne, aliyokuwa akiyaandika kidogo kidogo kwa miaka tisa kila alipomaliza kusahihisha kazi za wanafunzi, na ilimhusu mpima ardhi mzee anayerudi kuyapima upya mashamba aliyoyapima vibaya ujanani. Hakuwa amemwonyesha mtu yeyote.

"Wakiipenda ile ya kwanza," alimwambia mdogo wake, "nitajua kwamba hii ya pili si ujinga wangu tu." Hilo ndilo alilolitaka, na Kiraka alilijua vizuri kama alivyoijua njia ya kwenda kazini.

Kuhamisha mchezo kutoka mashine moja kwenda nyingine si sawa na kuhamisha meza. Mashine ya michezo ni ile ile kwa kila mtu. Aliyonayo tajiri ndiyo aliyonayo maskini, na mafundi wa mwanzo waliuandika mchezo wakilitegemea hilo. Kompyuta kila moja ina tabia zake, kama wakwe. Kiraka alifanya kazi miezi minane. Aliandika upya namna binti anavyotembea na kupigana, akayapeleka mambo yote ya vitufe kwenye kibodi, akakuza maandishi yasomeke na mtu aliyekaa karibu. Kila hatua aliijaribu kwenye kompyuta yake mwenyewe, kongwe, aliyoipata kutoka ofisi moja iliyokuwa ikifunga milango. Ilikuwa ikikohoa kila inapowashwa. "Ikienda hapa itaenda popote," alipenda kusema, na hapo ndipo alipokosea kosa ambalo ni la mafundi peke yao. Fundi wa kompyuta huogopa mashine dhaifu maisha yake yote. Haimpitikii akilini kuogopa mashine yenye nguvu.

Palikuwa na mahali pamoja kwenye mchezo ambapo Kiraka alipagusa kwa heshima. Mama yao alifia hospitali. Dada alikaa naye siku tatu za mwisho. Kiraka alikuwa safarini akitengeneza mashine za watu, akafika mama ameshafunikwa shuka. Hakuwahi kumuuliza dada yake ilikuwaje, na dada hakuwahi kumsimulia. Alikuja kujua kwenye mchezo. Mama wa mwezekaji alisema sentensi saba tu, na kati ya ya nne na ya tano palikuwa na kimya cha sekunde kumi na tisa ambapo kwenye kioo hapakutokea kitu, ila mkono mmoja juu ya blanketi, uliosogea mara moja. Karibu kwingine kote mchezaji hubonyeza ndipo maneno yanayofuata yaje. Hapa Dada alikuwa amekataa. Alisema anayekufa hasubiri kubonyezwa. Maneno yalikuja yenyewe na kuondoka yenyewe, na tukio zima lilichukua sekunde themanini na nane. Kiraka alizijua kwa sababu alizihesabu, na alizihesabu kwa sababu ndizo alizokosa.

"Hiki kimya tukipunguze, Dada," alimshauri siku moja. "Watu watadhani mashine imekwama."

"Waache wadhani," Dada alisema. "Hata mimi nilidhani."

Kiraka hakulitaja tena.

Mchezo ukatoka kwa kompyuta, na Jumapili ile uhakiki wa gazeti la mwisho wa wiki ukachapwa, nusu ukurasa, na picha ya binti na ngazi yake. Kiraka alisoma kwanza aya iliyomhusu yeye. Tuseme ukweli, aliisoma mara tatu kabla ya kuendelea. "Kazi ya kuuhamisha mchezo huu imefanywa kwa mkono safi," mhakiki aliandika. "Picha hazikwami, kibodi inatii, na fundi aliyehusika, ambaye simjui, anastahili kupewa kazi nyingine kesho." Kisha akashuka chini.

"Tatizo ni hadithi. Mwandishi ana haraka ya mtu anayeanua nguo mvua ikinyesha. Kila panapohitaji utulivu, yeye anakimbia. Mama wa mwezekaji anakufa kwa sekunde ishirini na mbili, nimehesabu, na binti hapati hata nafasi ya kuvuta pumzi. Asiyejua kukaa na msiba asiuandike. Alama: tano kwa kumi."

Wengine waliofuata walisema hayo hayo kwa maneno yao. Kijana mmoja mwenye watazamaji wengi mtandaoni alilicheza tukio la mama mbele yao, akacheka, akasema mama huyu alikuwa na gari linamsubiri nje. Kwenye maoni ya wachezaji mtandaoni mtu mmoja tu aliandika kwamba alilia. Alisema anatumia kompyuta ya zamani ya baba yake na haelewi wenzake wanalalamikia nini. Hakuna aliyemjali.

Kiraka alikwenda kwa dada yake alasiri. Alimkuta mezani, gazeti limekunjwa vizuri mbele yake.

"Umesoma?" aliuliza.

"Nimesoma. Wamekusifu, mdogo wangu. Nimefurahi sana." Na alikuwa amefurahi kweli, hilo ndilo lililokuja kumuuma Kiraka baadaye kuliko yote. Kisha akaligeuza gazeti, akaliweka kifudifudi. "Nilikaa nao msiba ule, Kiraka. Au sikukaa?"

"Ulikaa, Dada."

"Basi kwa nini hauonekani?"

Kiraka alikunywa chai aliyopewa, akaaga.

Jumatatu asubuhi alikuwa ameifungua mashine ya kuchapa ya wakili mmoja, vidole vyeusi kwa wino, ndipo ile namba ilipomrudia. Mhakiki angeweza kusema kufumba na kufumbua. Angeweza kusema muda mfupi. Alisema ishirini na mbili, na alisema amehesabu. Kiraka akaweka bisibisi chini. Akagawa themanini na nane kwa nne.

Ile mashine ya zamani ilichora picha thelathini kila sekunde, si zaidi wala si pungufu, na mafundi wa mwanzo waliupima muda kwa hizo picha: subiri picha kadhaa, kisha leta neno. Kiraka aliijua hila hiyo. Alikuwa ameing'oa kwenye kutembea, kwenye kupigana, kwenye mvua na upepo. Kwenye yale matukio sita ambayo maneno yanajiendesha yenyewe alikuwa ameisahau. Kompyuta yake kongwe ilijikongoja kwa picha thelathini vilevile, na kwa hiyo kila alipomtazama mama, mama alikufa taratibu. Kompyuta za wahakiki zilichora mia na ishirini.

Pembeni palikuwa na kompyuta mpya ya mteja, yenye nguvu, ikisubiri kuchukuliwa. Kiraka aliufunga mlango, akaupakia mchezo humo, akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha mama. Sentensi zilipita mbio, nyingine kabla hajafika mwisho wa kuzisoma. Kile kimya cha sekunde kumi na tisa hakikufika tano. Mkono juu ya blanketi uliruka kama umeungua. Kisha kwisha, na binti akawa ameshasimama mlangoni na ngazi yake. Kiraka alijisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Alikuwa amemkosa mama mara ya kwanza kwa safari. Mara ya pili alikuwa amemharakisha kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya watu.

Dawa yake ilikuwa mistari michache ya programu. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemaliza, na jioni Bosi alipokea toleo jipya lenye maelezo mafupi: marekebisho madogo ya hapa na pale. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, na Kiraka aliuziba ufa upesi sana. Lakini aliuziba kwa ndani, mahali ambapo hakuna aonaye.

Kwa nini hakusema? Hakuogopa kufukuzwa, kwani hakuwa ameajiriwa. Alikuwa na kile kipande cha gazeti kwenye pochi. Mke wake, ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha, alikuwa amekisoma kwa sauti mbele ya wazazi wake. Mteja mmoja alikuwa amepanda ngazi kwa ajili ya kumpa mkono tu. Miaka arobaini na moja alikuwa mdogo wake Mwalimu, yule ambaye shule ilimshinda, na kwa mara ya kwanza gazeti lilikuwa limewapima wote wawili kwa kazi moja na kumpa yeye alama za juu. Kumwambia dada ukweli kulikuwa ni kuzirudisha alama zile, moja baada ya nyingine, kwa mwenyewe. Alijiambia atasema kesho. Alijiambia hivyo Jumanne, akajiambia tena Jumatano.

Bosi naye hakuwa mtu mbaya. Alimpigia Mwalimu simu, akamwambia atampa nafasi moja: ayalete madaftari ya hadithi ya pili baada ya wiki moja, na ile kasoro waliyoisema wahakiki iwe imeondolewa. Kiraka aliyasikia hayo kwa dada yake mwenyewe siku ya Alhamisi, alipopita shuleni baada ya masomo.

Alimkuta darasani peke yake, kiti kimesogezwa karibu na dirisha. Mbele yake daftari la tatu lilikuwa wazi, na mkononi alikuwa na kalamu nyekundu, ile ile ya kusahihishia watoto. Alikuwa akikata, anaandika juu, anakata tena.

"Unafanya nini, Dada?"

"Nasahihisha. Nina haraka, wamesema. Kwa hiyo nawapa nafasi." Hakuinua macho. "Zamani nilidhani mtu akinyamaza msomaji ataelewa. Kumbe haelewi. Lazima aambiwe."

"Lakini mimi ile ya kwanza..." Kiraka alianza.

"Wewe ni ndugu yangu," Dada alimkata kwa upole. "Ndugu si mhakiki."

Hapo mlango ulikuwa wazi kabisa. Asiye na macho angeuona. Kiraka alifungua mdomo, ukatoa habari za paa la darasa linalovuja na lini wataliziba. Alimwacha anaendelea na kalamu yake. Njiani alijiambia kwamba Bosi akiyakubali madaftari, hakuna atakayekuwa ameumia, na ukweli utakuwa jambo la kusimuliana uzeeni na kuchekea. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji kwenda shule.

Mama Pacha ndiye aliyemshika. "Baba Pacha, siku hizi unakula kama mtu anayehojiwa na polisi," alimwambia Jumapili iliyofuata. "Una nini?" Akamweleza yote. Mama Pacha alisikiliza mpaka mwisho, akakiomba kile kipande cha gazeti, akakisoma tena, safari hii kimoyomoyo.

"Nenda leo," alisema.

"Kesho kutwa Bosi anayasoma. Akiyakubali..."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Wifi yangu anaandika upya miaka tisa kwa ajili ya uongo, na wewe unakaa hapa unahesabu siku. Nenda leo."

Hakwenda. Twende mbele tu, maana hakuna la kumtetea.

Jumatano, siku ya tisa tangu aigawe ile namba kwa nne, Bosi alimwita ofisini kuzungumza juu ya kazi nyingine. Madaftari manne yalikuwa mezani, yamepangwa moja juu ya jingine.

"Mpelekee dada yako," Bosi alisema. "Nimeshampigia. Nimemwambia hapana, na imeniuma. Miaka ile alinisimulia hadithi hii kwa mdomo, ofisi ya zamani, nikashindwa kulala. Hii siyo ile. Kila mtu humu anaeleza anachohisi, anaeleza tena kwa nini anahisi. Mpima ardhi anaomba radhi kurasa sita. Nimechukua mwandishi mwingine, tumekubaliana asubuhi."

Kiraka akapiga moyo konde, akasema. Alisema akiwa amesimama, macho kwenye madaftari. Picha thelathini, picha mia na ishirini, mama, kimya. Bosi alisikiliza huku rangi ikimbadilika.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Juzi?"

"Ya wiki iliyopita."

"Jumatatu ile ningewapigia wahakiki wote kabla ya jioni," Bosi alisema. "Na huyu bibi nisingemwambia aguse hata nukta. Sasa nimempa mwenzake neno langu. Nilitoe wapi jingine?" Ile kazi nyingine haikutajwa tena, na Kiraka hakuiulizia.

Aliyabeba madaftari mpaka nyumbani kwa dada yake. Alimsimulia mlangoni, kabla hajakaribishwa, akijua kwamba akiketi atashindwa. Dada alisikiliza kama anavyomsikiliza mtoto aliyepoteza kitabu, bila kumharakisha. Alipomaliza, Dada alirudi ndani, akakaa, akayaweka mapajani madaftari yake.

"Kwa hiyo ulikuwepo," alisema. "Msiba ulikuwepo."

"Ulikuwepo, Dada. Mimi ndiye niliyeukimbiza."

"Lile la mashine ni kosa la kazi. Ungeniambia siku ile, ningekupa chai tukacheka." Sauti yake haikupanda. "Lakini Alhamisi ulikuja darasani. Ulisimama pale, ukaiona kalamu mkononi mwangu, ukaniambia habari za paa. Hizo siku tisa si za mashine, Kiraka. Hizo ni zako."

"Ni zangu."

"Nenda nyumbani."

Akaenda. Kesho yake aliandika barua kwa kila mhakiki, jina lake kamili chini, akieleza kosa ni la nani. Wengi hawakujibu, walikuwa na michezo mingine ya kuhakiki, na dunia haisimami kwa ajili ya sekunde sitini na sita za mtu. Yule kijana wa mtandaoni aliisoma barua mbele ya watazamaji wake, wakamcheka fundi badala ya mama, jambo ambalo Kiraka aliliona ni haki. Mhakiki wa gazeti peke yake ndiye aliyerudi. Aliucheza mchezo upya, akaandika kijisehemu kwenye kona ya ukurasa. Alisema alikuwa amemhukumu mwandishi kwa kosa la saa. Alisema safari hii, kwenye kile kimya, alidhani kompyuta imekwama, akainama kuigusa, ndipo mkono ukasogea. Alama zikawa tisa, na sentensi ya mwisho ilisema: "Mwandishi huyu yuko wapi, na kwa nini hatujasoma kingine kutoka kwake?"

Mama Pacha ndiye aliyempelekea wifi yake gazeti hilo. Alisema Dada alilisoma akiwa amesimama, akasema mhakiki huyo ni mtu muungwana, akaendelea kupanga madaftari ya wanafunzi. Kiraka alikitoa kile kipande chake kwenye pochi, akakitupa pamoja na masalia ya wino. Hakujisikia mwema kwa kufanya hivyo. Alijisikia mtu aliyechelewa kutupa kitu kilichooza.

Wiki tatu Dada hakumwita. Ya nne, Jumamosi asubuhi, alimpigia Mama Pacha. "Mwambie mumeo aje," alisema. "Aje na ile lenzi yake ya kutazamia vyuma vidogo. Macho yangu hayaoni tena chini ya wino."

Kiraka alifika na lenzi na taa yake ya mezani. Dada alikuwa ameweka madaftari manne upande mmoja, na la tano, jipya, upande wa pili. Hakumkaribisha kwa maneno, alimsogezea kiti. Kazi ilikuwa hii: Kiraka asome kilichokuwa chini ya wekundu, Dada akiandike upya kwenye daftari safi.

Haikuwa rahisi. Mwalimu anayesahihisha kwa miaka thelathini anajua kukata neno likakatika. Kwingine Kiraka aliligeuza daftari, akaupitisha mwanga kwa nyuma ya karatasi, akasoma alama za kalamu ya zamani kwa jinsi zilivyobonyea. Alisoma polepole, neno moja moja. Neno lililogoma, Dada alifumba macho akajaribu kulikumbuka. Mara alilipata, mara alitikisa kichwa na kuacha pengo. Mpaka saa sita walikuwa wameokoa kurasa kumi na moja. Hawakuzungumza jambo jingine lolote, na Kiraka hakuthubutu kuuliza kama amesamehewa.

Wakafika mahali mpima ardhi mzee anaposimama kwenye shamba la mjane aliyemkosea zamani. Mjane anamuuliza kwa nini amerudi. Chini ya swali hilo palikuwa na mistari mitatu yote imejaa wekundu, maelezo juu ya majuto na uzee na dhamiri, yameandikwa kwa mwandiko wa haraka. Kiraka aliinama, akasogeza taa. Akaigeuza karatasi. Akapitisha kidole nyuma yake kutafuta mbonyeo wa kalamu ya kwanza, akaanza upya kutoka mwanzo wa mstari. Hakupata hata herufi moja.

"Hapa sipaoni, Dada," alisema. "Umepakatakata sana. Mzee alimjibu nini?"

Dada alilivuta daftari, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akaweka kalamu chini.

"Hakumjibu," alisema. "Hapo palikuwa patupu."